Nepi Kumi na Nne

Fundi alishona sare za shule. Tangu saa moja asubuhi mpaka jua linapoinama, alikanyaga cherehani yake karibu na dirisha. Sketi juu ya sketi, shati juu ya shati. Chumba kilikuwa kimoja tu. Upande huu kitanda, upande ule cherehani, na katikati beseni la kumwogeshea mtoto. Wateja walipogonga, Fundi alitoka na futi yake ya utepe, akawapima nje, akarudi ndani na kufunga mlango. Hakuna aliyekaribishwa.

Mtoto wake alikuwa wa kike, wa miezi sita. Fundi alimwita Kifungo, kwa sababu alizaliwa na pua ndogo ya mviringo kama kifungo cha shati.

Upande wa pili wa ukuta aliishi mwanamke wa makamo aliyefua na kupiga pasi nguo za watu. Mtaa mzima ulimwita Dobi. Siku aliposikia jina la mtoto alisema, "Maskini, hajatenda kosa lolote, tayari umempa kifungo." Fundi alicheka kidogo, kisha akaingia ndani.

Ukuta kati yao ulikuwa mwembamba. Dobi alisikia cherehani siku nzima. Fundi alisikia maji yakimwagwa, nguo zikikamuliwa, na Dobi akigombana na madoa. "Toka hapo, mafuta wewe. Nani kakualika?" Wanawake wawili walisikilizana hivyo kwa miezi mingi, bila kukaa pamoja hata mara moja.

Mume wa Fundi alikuwa mbali, akijenga barabara mahali ambapo simu ilishika Jumapili tu. Mama mkwe alikaa mwendo wa siku nzima, naye alikuwa mtu wa maneno machache. Mama yake Fundi mwenyewe alikwishafariki. Fundi alikuwa mpweke, na upweke huo kwa sehemu aliutaka mwenyewe. Alikuwa na jambo la kuficha.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kifungo hakuwa na tundu la haja kubwa. Katikati ya matako, pale ambapo kila mtu ana tundu, palikuwa na kishimo kidogo kilichoziba. Choo chake kilitokea mbele, kwenye kitundu chembamba karibu kabisa na ukeni.

Utauliza, je, siku ya kuzaliwa hawakuona? Wodi siku hiyo ilikuwa na wazazi wengi na wakunga wachache. Mkunga alipita mbio, akauliza, "Mtoto amepata choo?" Fundi alikuwa ameona choo kwenye kitambaa. Akajibu, "Amepata." Mkunga akaandika, akaenda kitanda kingine. Mkunga hakudanganywa, na Fundi hakusema uongo. Hata hivyo mtoto alirudi nyumbani akiwa na tatizo ambalo hakuna aliyelitazama.

Fundi aliligundua siku ya tatu, akimwogesha. Alidhani patafunguka mtoto akikua. Wiki zikapita, hapakufunguka. Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia, na kila alipokaa kwenye cherehani lilikaa naye.

Mimba yake ilipokuwa ya miezi sita, Fundi alikuwa amepata kazi ya kushona mito ya nyumba ya wageni. Mito mia mbili. Alijaza pamba, akashona upande wa mwisho, akafunga. Mumewe alimtania kwenye simu, "Angalia usije ukamshona na mtoto." Wakacheka wote wawili. Sasa Fundi hakuyaona tena maneno yale kuwa utani. Aliamini kwamba mikono yake ndiyo iliyomziba mwanawe. Ungemwambiaje mtu jambo kama hilo? Basi hakumwambia mtu.

Jumapili mume alipiga simu.

"Kifungo hajambo?"

"Hajambo."

"Anakua?"

"Anakua."

Simu ikakatika.

Kila mwezi alimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Muuguzi aliuliza, "Anakula? Analala? Anapata choo?" Fundi alijibu, "Ndiyo, ndiyo, anapata." Nepi hakumruhusu mtu azifungue. Aliposema mtoto analia akishikwa na watu, walimwamini.

Mtoto alipokuwa ananyonya tu, choo kilikuwa laini na kilipita. Alipofika miezi sita akaanzishiwa uji, mambo yakabadilika. Choo kilitoka chembamba kama uzi, tena kwa shida. Kifungo alijikamua mpaka uso ukawa mwekundu. Tumbo lilijaa likawa gumu. Mara mbili alikuwa ameshapata homa. Fundi alimnunulia dawa ya maji dukani, akajiambia, meno hayo.

Wiki moja homa ilimpata Fundi mwenyewe. Hakuweza kuinuka. Saa nne asubuhi mlango uligongwa.

"Hodi. Cherehani imelala au fundi ndiye amelala?"

Fundi hakujibu. Dobi alisukuma mlango akaingia. Alimkuta mama anatetemeka kitandani, mtoto analia, na ndoo ya nepi chafu nyuma ya cherehani. Alimpa mama maji. Akamkorogea mtoto uji, akamlisha. Kisha akaishika ndoo.

"Acha, mama," Fundi alisema. "Nitafua mwenyewe."

"Kwa mkono upi? Huo unaopiga ngoma?"

"Naomba uache."

"Mwanangu, nimefua mashuka ya wagonjwa, aproni za wachinjaji na soksi za wanajeshi. Nepi haziwezi kunitisha." Akaondoka na ndoo.

Fundi alilia. Hakulia kwa ajili ya homa.

Kesho yake mchana Dobi alirudi. Nepi zilikuwa zimekunjwa vizuri, zimepigwa pasi. Fundi alikuwa amekaa, homa imeshuka.

"Shikamoo, mama. Asante sana."

"Marahaba." Dobi hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa. "Nina neno. Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa madoa. Miaka ishirini na tisa nasoma nguo za watu. Doa la kifuani, mwenyewe kala kwa pupa. Doa la kwapani, mwenyewe kafanya kazi. Doa la rangi ya mdomo kwenye kola, nafua na nanyamaza. Lakini hili siwezi kunyamaza."

Akaweka mkono juu ya nepi.

"Hizi ni kumi na nne. Zote kumi na nne, choo kimekaa mbele, mahali pa mkojo. Nyuma ni peupe. Kwanza nilisema nimezishika kinyume. Lakini wewe umezitia alama ya uzi mwekundu upande wa mbele. Sikukosea."

"Umeleta nepi au umeleta maneno?" Fundi aliuliza kwa ukali.

"Nimeleta vyote viwili. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Nitapiga kelele kutoka kwangu, ukuta wenyewe unaujua."

Fundi alimlaza mtoto kitandani, akafungua nepi. Kwa mara ya kwanza, mtu mwingine aliona. Dobi aliinama karibu, akatazama.

"Ni mimi," Fundi alisema. "Nilishona mito wakati wa mimba. Nilimziba. Juzi alipolia sana nilichukua mkasi mdogo wa kufumulia. Nilitaka nimfungue pale penye kishimo. Nikaushika, nikauweka chini."

Dobi aliuona mkasi kwenye meza ya cherehani. Aliuchukua, akautia mfukoni mwake.

"Mvalishe mtoto," alisema. "Tunakwenda."

"Wapi?"

"Kliniki. Sasa hivi. Mashuka ya watu yatangoja."

Kliniki ilikuwa karibu kufungwa. Muuguzi alimkuta Dobi amesimama mlangoni kama gogo. Alimlaza Kifungo kwenye meza penye mwanga, akapanua matako taratibu, akatazama. Akatazama mbele. Akagusa tumbo. Kisha akafungua kadi ya mtoto.

"Kila mwezi tumeandika kwamba anapata choo," alisema.

"Mliniuliza kama anapata," Fundi alijibu kwa sauti ndogo. "Anapata."

Muuguzi aliifunga kadi. "Tuliuliza nusu ya swali, mama. Tulipaswa kufungua nepi na kutazama. Kosa hilo ni letu."

Fundi alishangaa. Alikuwa ametegemea kugombezwa.

"Mtoto huyu amezaliwa bila tundu la haja kubwa mahali pake," Muuguzi aliendelea. "Utumbo wake umefungukia mahali pasipo pake, kwa kitundu kidogo. Wako watoto wengine ambao hawana tundu popote. Hao tumbo linavimba siku ya kwanza au ya pili, wanatapika, na wakicheleweshwa wanakufa. Kwa wavulana, mara nyingine choo kinachanganyika na mkojo. Ndiyo maana kila mtoto anayezaliwa lazima atazamwe pale pale, na asiyepata choo ndani ya siku moja apelekwe hospitali bila kungoja."

"Na hili linatengenezwa?" Dobi aliuliza.

"Linatengenezwa kwa upasuaji, na mpasuaji wa watoto. Si kwa wembe, si kwa mkasi, si kwa kuingiza kitu chochote, si kwa dawa ya kunywa." Fundi aliinamisha kichwa. Dobi alijishika mfukoni. "Tumbo limejaa. Naandika barua. Mwende hospitali kubwa leo hii."

Walikwenda. Dobi alikaa naye mpaka mtoto akapewa kitanda. Kisha ilibidi aondoke, maana nguo za watu zilikuwa zimelowekwa.

"Nitarudi," alisema.

"Najua," Fundi alijibu, ingawa hakujua.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Saa za kutazama wagonjwa mlango ulifunguliwa, wakaingia baba, shangazi, bibi, na vikapu na chupa za chai. Kila kitanda kilizungukwa. Kitanda cha Kifungo kilibaki bila mgeni. Fundi aligeukia ukutani, akajifanya amelala mpaka kengele ilipolia na wageni wakatoka. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo. Hakumwonea mtu wivu. Aliona haya tu kwamba hakuna anayemjia.

Mpasuaji wa watoto alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu nne mfukoni. Hakuwa na haraka. Alichora kwenye karatasi.

"Huu ni utumbo mkubwa. Ulipaswa kushuka mpaka hapa, katikati ya misuli inayobana choo. Wa mwanao umeishia hapa mbele. Tutafanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, nitatoa utumbo kwenye ubavu wa tumbo, choo kipitie huko kwa muda, tumbo lipumzike. Pili, baada ya miezi michache, nitatengeneza tundu mahali pake, katikati ya misuli. Tatu, likishapona, nitafunga lile la tumboni. Kila mara atapewa dawa ya usingizi. Hatasikia."

"Choo kitatokea tumboni?" Fundi aliuliza.

"Kwa muda. Kitaingia kwenye mfuko."

Fundi akauliza lile lililomkaa rohoni. "Daktari, je, mama akishona vitu na kuvifunga wakati wa mimba, mtoto anaweza kuziba?"

Daktari hakucheka. "Ulikuwa unashona nini?"

"Mito."

"Kazi ya mito ilikuja mimba ikiwa na miezi mingapi?"

"Sita."

"Basi ulichelewa, mama. Njia hii hutengenezwa kwenye wiki ya nne mpaka ya nane. Mimba yako ilipokuwa na miezi miwili, mambo yalikuwa yamekwisha. Pengine hata hukuwa na uhakika kama una mimba. Hutokea kwa mtoto mmoja katika elfu tano hivi, kwa matajiri na maskini. Mara nyingi hatujui kwa nini. Tunajua tu kwamba si laana, na si mkono wako."

Fundi alijifunika uso kwa kanga. Miezi sita alikuwa amebeba kosa ambalo halikuwa lake.

"Nilitaka kumfungua kwa mkasi," alisema chini ya kanga.

"Nashukuru hukufanya. Ungekata misuli ya kubana choo, na hiyo ukishaikata, hata mimi siwezi kuirudisha kama ilivyokuwa."

Upasuaji wa kwanza ulikwenda vizuri. Tumbo la Kifungo likalegea. Siku ya nne alicheka, akanyonya, akalala usingizi wa haki. Fundi akaanza kukusanya vitu vyake.

"Unakwenda wapi?" Daktari aliuliza.

"Nyumbani. Choo kinapita sasa."

"Bado sijapiga picha ya figo, moyo na mifupa ya mgongo."

"Lakini shida yake ni choo," Fundi alisema. Alikuwa amechoka. Alikitaka chumba chake, hata kama kilikuwa kitupu. "Moyo unahusianaje na choo?"

"Ukikuta shati la kiwandani limeshonwa vibaya kola, unafanyaje?"

"Naangalia mikono na mifuko pia. Aliyekosea kola huenda amekosea kwingine."

"Na mimi ndivyo ninavyofanya. Viungo hivi hutengenezwa wakati mmoja tumboni. Kimoja kikikosewa, mara nyingi kingine nacho kina kasoro. Nusu ya watoto hawa, hata zaidi, tunawakuta na kitu kingine. Figo, moyo, mgongo, koo la kupitishia chakula, mikono. Je, amewahi kupata homa?"

"Mara mbili. Meno."

"Ana meno?"

Fundi alifungua mdomo wa mtoto kwa kidole. Fizi zilikuwa laini, hakuna hata jino moja.

Alikaa.

Picha zilipigwa. Moyo ulikuwa salama. Mgongo ulikuwa salama. Lakini figo ya kushoto ilikuwa imevimba. Mkojo badala ya kushuka wote ulikuwa unarudi juu, na wadudu walikuwa wakipanda nao. Zile homa mbili hazikuwa za meno. Zilikuwa za figo.

"Ungeondoka jana," Daktari alisema, "figo hii ingekufa polepole, na usingejua. Sasa atakunywa dawa kidogo kila siku ya kuzuia wadudu, na nitamwangalia. Wengi hupona wakikua. Homa yoyote, usiende dukani. Mlete, tupime mkojo."

Mchana huo, saa za wageni, Dobi aliingia. Viganja vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Alikuwa amebeba nguo safi za mtoto.

"Nimechelewa. Bwana mmoja amemwaga wino kwenye suti ya harusi," alisema. "Mbona umegeukia ukutani?"

Fundi alimshika mkono.

Jumapili simu ililia. Fundi alitoka nje kwenye korido.

"Kifungo hajambo?"

"Nimekudanganya," Fundi alisema. Akamweleza yote, tangu siku ya tatu ya kuzaliwa. Kule upande wa pili kulikuwa na upepo na sauti ya mitambo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ni mimi niliyemshona."

Mume alikumbuka. "Ule ulikuwa utani."

"Najua. Sasa najua."

"Nisamehe," alisema. "Nitampigia mama."

Fundi aliogopa kuliko alivyoogopa upasuaji. Mama mkwe atasema nini? Jioni mume alipiga tena, akasema alimweleza mama yake, na mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata simu bila kujibu. Fundi akajua amechukiwa.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kazi. Muuguzi wa wodi alimfundisha kuosha ngozi karibu na tundu la tumboni kwa maji matupu, kuikausha, kuipaka mafuta mazito ili choo kisiichubue, na kukata shimo la mfuko lilingane na tundu. Kwenye kukata, Fundi hakuhitaji mwalimu. Mifuko ilipoadimika, alishona mikanda laini ya pamba ya kushikilia kitambaa. Mama mmoja wodini aliuona mkanda huo akaomba wa mwanawe. Mwingine akaomba. Fundi akajikuta anazungumza na watu.

Hata hivyo mtaani bado alikuwa peke yake. Wateja wawili walisikia habari ya mfuko, wakapeleka vitambaa vyao kwingine. Mmoja alishika pua kabla hajafika mlangoni, ingawa hapakuwa na harufu yoyote. Fundi aliumia. Sitakudanganya kwamba hakuumia. Lakini mlango hakuufunga tena, kwa sababu Dobi aliingia bila hodi, akamchukua mtoto, akaenda kupiga naye pasi.

Kifungo alipofika miezi tisa, Daktari alitengeneza tundu jipya mahali pake. Baada ya wiki mbili kazi ngumu ikaanza. Kila siku, asubuhi na jioni, Fundi alilipanua tundu kwa chuma laini alichopewa hospitalini, kilichopakwa mafuta, ili kovu lisilizibe. Kila wiki chuma kilikuwa kinene zaidi kidogo. Kifungo alilia. Fundi alilia pia, lakini alimaliza.

"Ukiacha kwa sababu ya huruma," Daktari alikuwa amemwonya, "patabana, na tutaanza upya."

Hakuacha hata siku moja. Mwezi mmoja kabla Kifungo hajatimiza mwaka, tundu la tumboni likafungwa. Siku chache baadaye choo kilipita njia yake, nyuma, kwenye nepi. Wiki za kwanza kilitoka mara nyingi mno, matako yakachubuka. Daktari alisema itatulia, na ikaanza kutulia. Alisema pia kwamba huenda Kifungo akasumbuliwa na choo kigumu miaka ijayo, na kwamba wako watoto wanaohitaji msaada zaidi ili wasijichafue. Kwa hiyo kliniki ni lazima, ya choo na ya figo.

Kifungo alikuwa na mwaka na wiki mbili mama mkwe alipokuja.

Alikuja bila kupiga simu, kwa basi la asubuhi, na begi moja. Fundi aliinuka kwenye cherehani, sindano bado iko kinywani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, hakutaka chai. Kifungo alimtambalia, akamshika kidole. Fundi alianza kujieleza, maneno yakimfuatana mbio. Kwamba si laana. Kwamba daktari alisema hakuna aliyekosea. Kwamba mtoto sasa ni mzima.

"Naweza kuona?" mama mkwe aliuliza.

Fundi alifungua nepi. Mama mkwe aliinama. Alitazama kovu la tumboni. Akamgeuza mtoto taratibu, akatazama nyuma, akatazama muda mrefu sana. Kifungo akachoka akaanza kurusha miguu.

"Kumbe inatengenezwa," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe inatengenezwa." Alikaa. Mikono yake ilibaki juu ya mgongo wa mtoto. "Mumeo si mzaliwa wangu wa kwanza."

Fundi alidhani hakusikia vizuri.

"Alikuwapo mwingine. Wa kiume. Yeye hakuwa na tundu popote. Tumbo lilivimba, akatapika mpaka akatapika kijani. Wazee walisema nimwache, kwamba nimezaa kitu kisicho mtu. Alikaa siku nne."

"Mume wangu hajawahi kuniambia."

"Hajui. Aliponipigia simu kuhusu mtoto wako, mdomo ulikataa. Sijawahi kumwambia mtu. Miaka thelathini na minne nimekuwa nikifikiri kwamba ni mimi tu."

Fundi aliijua hali hiyo. Aliijua ndani na nje. Aliketi sakafuni karibu na magoti ya mama mkwe wake.

"Mlimpa jina?" aliuliza.

"Wao hawakumpa. Mimi nilimpa."

"Anaitwa nani?"

Mama mkwe alimtazama, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka. Kisha akalitamka jina la mwanawe kwa sauti. Fundi akalirudia polepole, asije akalikosea.